Ujauzito, mtoto na masomo ya chuo: hatua za kufuata kwa mwanafunzi wa Arusha na Moshi

Kila muhula unapoanza, maswali yanayonifikia kutoka kwa wanafunzi wajawazito na wenye watoto wachanga ni yale yale: kama chuo kitawafukuza, kama bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, litasimamishwa, kama ni lazima kuahirisha mwaka mzima, na mtoto ataachwa kwa nani wakati mama yuko kwenye mhadhara. Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, na umeandikwa kwa ajili yako unayesoma chuo kikuu au chuo cha kati, iwe ni Njiro, Tengeru, Usa River, Moshi mjini au Mweka. Baba wa mtoto naye ana sehemu yake, hasa akiwa mwanafunzi mwenzako.

Swali la kufukuzwa lijibiwe kwanza, kwa kuwa ndilo linalowafanya wengi wafiche hadi mambo yaharibike. Sera ya kuwaondoa masomoni wasichana waliopata ujauzito ilihusu shule za msingi na sekondari, na hata huko serikali iliruhusu mnamo Novemba 2021 waliojifungua warudi shuleni. Chuoni, ujauzito hushughulikiwa kama suala la afya, kupitia kanuni za kuahirisha mitihani au masomo. Hata hivyo kila chuo kina sheria ndogo za wanafunzi, na baadhi ya vyuo vya taasisi za dini vina masharti yake ya mwenendo. Zisome mwenyewe kabla hujaogopeshwa na mtu ambaye hajawahi kuzifungua.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Almanaki ya chuo ya mwaka huu wa masomo, pamoja na ratiba yako ya vipindi.
- Kanuni za mitihani za chuo. Mara nyingi zimo ndani ya prospektasi au kwenye tovuti ya chuo.
- Kadi ya kliniki ya mama, na kama bado huna, hatua ya kwanza itakupatia.
- Kitambulisho cha chuo, namba ya NIDA na kadi ya bima kama unayo.
- Faili moja la plastiki la kutunzia karatasi zote, na daftari dogo.
- Mtu mmoja anayejua hali yako na anayepokea simu hata usiku.

Vitu viwili vya mwanzo ndivyo vinavyosahaulika, na kwa maoni yangu almanaki ina uzito kuliko vingine vyote. Wanafunzi wengi waliopoteza mwaka walishindwa na tarehe, wakati akili za kusoma walikuwa nazo.

Hatua ya 1: Anza kliniki kabla ya wiki ya 12

Nenda kituo cha afya cha serikali kilicho karibu na unakoishi. Arusha mjini kuna vituo kama Kaloleni na Levolosi, na Moshi mjini kuna Majengo na Pasua. Mount Meru, Mawenzi na KCMC ni hospitali za rufaa, na ni busara kutoanzia kliniki huko, isipokuwa kama una tatizo linalojulikana kama vile upasuaji wa uzazi uliopita, presha, kisukari au sikoseli.

Katika hudhurio la kwanza utapimwa shinikizo la damu, wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende na mkojo, utapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki, na utaanzishiwa chanjo ya pepopunda kama hujaikamilisha. Dawa ya SP ya kukinga malaria huanza baada ya miezi mitatu ya kwanza. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8 katika ujauzito mmoja, kwa hiyo usidhani kwamba kadi ikishaandikwa kazi imekwisha. Kisera, huduma za uzazi katika vituo vya serikali hazilipiwi, lakini tenga fedha kidogo kwa vipimo na vifaa ambavyo kituo kitakuwa hakina siku hiyo.

Tahadhari: kliniki nyingi humtaka mama aje na mwenza wake mara ya kwanza, na baadhi huomba barua ya mwenyekiti wa mtaa kwa asiye na mwenza. Ukiambiwa hivyo usirudi chumbani na kukaa. Ipate barua hiyo siku ile ile, au muombe muuguzi mkuu wa zamu akuhudumie kwanza.

Kabla hujaondoka, omba muuguzi au daktari akuandikie barua fupi yenye mhuri inayotaja tarehe ya makisio ya kujifungua. Kadi peke yake haitoshi chuoni, kwa sababu ina majibu yako ya vipimo na hakuna sababu ya kuyatembeza ofisini.

Hatua ya 2: Weka tarehe zako juu ya almanaki

Kaa mezani na kadi upande mmoja, almanaki upande mwingine. Chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Hesabu hii inafaa kwa mwenye mzunguko wa kawaida wa siku 28. Kama mzunguko wako hautabiriki, picha ya ultrasaundi ya mapema ndiyo ifuatwe.

Tuseme hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe 10 Septemba. Makisio ya kujifungua ni tarehe 17 Juni. Mtoto huhesabiwa kuwa ametimia kuanzia wiki ya 37, ambayo hapa ni tarehe 27 Mei, na hivyo kuanzia siku hiyo unaweza kushikwa na uchungu wakati wowote. Sasa ongeza tarehe za chanjo, ambazo hutolewa mara tu mtoto anapozaliwa, kisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Akizaliwa tarehe 17 Juni, wiki ya 6 itaangukia tarehe 29 Julai, ya 10 tarehe 26 Agosti na ya 14 tarehe 23 Septemba. Tia alama zote hizo kwenye almanaki kwa kalamu nyekundu.

Ukishafanya hivyo utaona jambo ambalo hofu ilikuwa inalificha. Katika vyuo vingi mitihani ya muhula wa pili hufanyika mwezi Julai, mitihani maalumu na sapu (mitihani ya marudio) hufuata kabla ya mwaka mpya wa masomo, na mwaka mpya huanza kati ya Oktoba na Novemba. Kwa mfano wetu, Julai una mtoto wa wiki chache na mitihani ni mzigo, lakini wakati wa mitihani maalumu mtoto ana miezi mitatu hivi, na mwaka mpya ukianza ana zaidi ya minne. Hakuna haja ya kuahirisha mwaka. Mwenzako mwenye makisio ya Januari atapata picha tofauti kabisa, kwa hiyo usiige uamuzi wa mtu kabla ya kuchora tarehe zako.

Hatua ya 3: Chagua aina ya ahirisho, au usiahirishe

Kuna mambo matatu ambayo wanafunzi huyachanganya. La kwanza ni kuahirisha mitihani peke yake: unaendelea kuwa mwanafunzi aliyesajiliwa, umekamilisha mazoezi na majaribio ya muhula, na mtihani wa mwisho unaufanya wakati wa mitihani maalumu kama mtihani wako wa kwanza, bila kuhesabiwa sapu. La pili ni kuahirisha muhula. La tatu ni kuahirisha mwaka.

La pili linahitaji uangalifu mkubwa. Katika programu nyingi kozi za muhula wa pili hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, hivyo anayedhani ameahirisha miezi minne hujikuta amesubiri kumi na miwili. Muulize mkuu wa idara swali hili kwa uwazi: "Nikiahirisha muhula huu, kozi hizi zitafundishwa tena lini?" Uliza pia muda wa juu unaoruhusiwa kukamilisha programu yako, hasa kama ulishawahi kuahirisha.

Msimamo wangu ni kwamba kuahirisha mwaka kusiwe jibu la kwanza, ingawa ndilo ushauri unaotolewa kwa wepesi na watu ambao hawatalipa kodi wala ada ya mwaka huo wa ziada. Linafaa pale ambapo daktari ameagiza upumzike, ujauzito una matatizo kama presha, umebeba mapacha na hali si nzuri, au kujifungua kunaangukia katikati ya mafunzo kwa vitendo ambayo hayawezi kuhamishwa. Katika hali hizo ahirisha mwaka bila kujilaumu.

Hatua ya 4: Andika barua na uhakikishe imepokelewa

Barua iende kwa mwenye mamlaka ya taaluma anayetajwa kwenye kanuni za chuo chako, kupitia kwa mkuu wa idara, na nakala kwa Mshauri wa Wanafunzi. Iwe fupi. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili kama inavyoonekana hapo juu. Ninatarajia kujifungua tarehe 17 Juni, kama inavyothibitishwa na barua ya kituo cha afya niliyoambatanisha. Ninaomba kuahirisha mitihani ya mwisho wa muhula wa pili na kuifanya pamoja na mitihani maalumu. Mazoezi na majaribio yote ya muhula nitakuwa nimeyakamilisha ifikapo tarehe 22 Mei."

Hakuna haja ya kueleza baba ni nani, kama mmeoana, wala kuomba radhi. Sentensi ya mwisho ndiyo inayobeba ombi, kwa sababu inamwonyesha msomaji kwamba umekwisha kupanga kazi yako.

Nenda na nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, aliyeipokea aandike jina lake na kutia saini, kisha uiweke kwenye faili. Katibu muhtasi wa idara ni mtu wa maana kuliko wanafunzi wanavyodhani. Msalimie ipasavyo, shikamoo kama umri wake unastahili, na umuulize barua za aina hii hukaa mezani kwa nani na hujibiwa kwa muda gani. Baada ya muda huo kupita, rudi ukaulizie.

Tahadhari mbili. Kwanza, ruhusa ya mdomo kutoka kwa mhadhiri si ruhusa, hata kama ni mtu mwema na anakufahamu. Asiyeingia kwenye chumba cha mtihani bila barua iliyojibiwa huhesabiwa kuwa ametoroka mtihani, na hivyo ndivyo watu hudisko, yaani huondolewa masomoni. Pili, usisubiri hadi wiki ya mitihani. Wasilisha mwanzoni mwa muhula ambao kujifungua kunatarajiwa, halafu ukijifungua peleka karatasi ya hospitali kukamilisha jalada.

Hatua ya 5: Shughulikia mkopo na bima

Kama unasomeshwa na Bodi ya Mikopo, mwone Afisa Mikopo wa chuo siku ile ile unapopata jibu la ahirisho. Kuahirisha mitihani peke yake kwa kawaida hakugusi usajili wako. Ukiahirisha masomo, malipo husimama hadi utakaporudi na barua ya kurejea, na chuo hutakiwa kuijulisha Bodi. Usisaini fedha za kipindi ambacho umeahirisha. Zitadaiwa, na kwa wakati mbaya.

Kuhusu bima, soma masharti yake kabla ya mwezi wa saba wa ujauzito, ujue kama inagharamia kujifungua na upasuaji, na katika hospitali zipi. Bima ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi, hivyo usichukulie kwamba mtoto akizaliwa ameingia humo.

Hatua ya 6: Tafuta makazi kabla tumbo halijawa zito

Hosteli nyingi za vyuo haziruhusu mtoto mchanga, na hili halibadiliki kwa kubembeleza. Chumba cha kupanga hudaiwa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kwa hiyo kiingize kwenye hesabu mapema.

Ukaribu na chuo ni bora kuliko uzuri wa chumba. Anayesoma Njiro asipange Ngaramtoni kwa sababu ya kodi nafuu, kwa maana kila siku atavuka jiji zima ndani ya vifodi (daladala), matiti yamejaa na mtoto analia nyumbani. Anayesoma KCMC aangalie Longuo na Rau kabla ya kuteremka Pasua. Kabla ya kulipa, mwambie mwenye nyumba waziwazi kwamba utakuwa na mtoto, angalia kama maji hutoka kila siku, na pita hapo usiku usikie kama kuna baa jirani.

Tahadhari ya kipekee kwa huku kwetu: Juni na Julai ni miezi ya baridi, na watu huingiza jiko la mkaa chumbani kumpasha mtoto moto. Moshi ukiisha, gesi ya mkaa haiishi. Haina harufu, na inaua mama na mtoto wakiwa usingizini. Mvalishe mtoto kofia na soksi, mlaze karibu na kifua chako kwa kugusana ngozi kwa ngozi, ongeza blanketi, na jiko libaki nje.

Hatua ya 7: Kagua kozi zenye hatari

Pitia ratiba yako utafute maabara na mafunzo ya vitendo. Mwanafunzi wa afya amjulishe msimamizi wake kuhusu chumba cha eksirei, chumba cha anatomia chenye formalini na wodi za kifua kikuu. Wa ufundi aulize kuhusu uchomeleaji na kemikali, wa kilimo kuhusu viuatilifu, na wa wanyamapori kuhusu kambi za porini zilizo mbali na hospitali. Omba kubadilishiwa zamu au kupewa kazi mbadala, na ombi hilo nalo liwe la maandishi.

Hatua ya 8: Jiandae kujifungua na zungumza na nyumbani

Kuanzia mwezi wa nane, begi liwe tayari: kanga au vitenge kadhaa safi, nguo na blanketi za mtoto, pamba, glavu, wembe mpya, vibanio vya kitovu, karatasi ya plastiki ya kutandika, pedi, beseni, sabuni, kadi ya kliniki na kadi ya bima. Uliza kliniki yako orodha kamili, kwa kuwa vituo vinatofautiana. Weka kando nauli ya teksi au bajaji ya usiku. Pikipiki, ambayo Arusha tunaiita toyo, isiwe mpango wako wa kwenda leba. Kwa dharura ya uzazi, namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo na huunganisha mama na usafiri wa kumfikisha kituoni.

Usisubiri mhadhara uishe ukiona lolote kati ya haya: kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, homa kali, degedege, maji kutoka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Mwenzako mmoja wa darasani azijue dalili hizi.

Kisha kuna mazungumzo ya nyumbani. Katika familia nyingi za Kichaga mzazi hutarajiwa kukaa ndani miezi mitatu hivi, akitunzwa na mama yake au mama mkwe na kuletewa mtori. Ni desturi yenye faida halisi, na chuo chochote kingefanya vyema kuwa na kitu kinachofanana nayo. Tatizo huja pale mitihani inapoangukia ndani ya miezi hiyo na hakuna aliyeambiwa. Mwambie mama mapema, almanaki ikiwa mkononi: "Mama, mitihani inaanza tarehe hii na kuisha tarehe hii. Badala ya mimi kubaki Machame, naomba uje unikalie mtoto kwa wiki hizo mbili." Mzee anayeonyeshwa tarehe hujipanga, anayeshtukizwa hukasirika, na ana haki.

Baada ya kujifungua, usiache mahudhurio ya mama mzazi ndani ya siku 42 za mwanzo. Hapo utakaguliwa na utaongea na mtoa huduma kuhusu uzazi wa mpango, jambo la kuamua kabla ya kurudi chuoni. Hospitalini utapewa tangazo la kizazi. Lipeleke kwa msajili wa RITA ndani ya miezi mitatu ili upate cheti cha kuzaliwa bila usumbufu wa kuchelewa. Kazi hii ya karatasi ni ya kumpa baba.

Hatua ya 9: Panga mlezi na maziwa kabla ya kurudi darasani

Mlezi anaweza kuwa bibi wa mtoto, dada wa kazi, kituo cha kulelea watoto mchana, au mwanafunzi mwenzako mwenye mtoto ambaye ratiba yenu haigongani. Mpango huu wa mwisho nimeuona ukifanya kazi vizuri kuliko wengi wanavyoutarajia, mradi zamu ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, na kila mmoja ajue kwamba mtihani wa mwenzake hauna udhuru. Ukimpeleka mtoto kituoni, omba kuona cheti cha usajili, hesabu watoto wangapi wanaangaliwa na mlezi mmoja, na fika siku moja bila taarifa. Ukiajiri dada wa kazi, sheria hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Nami nakushauri utafute mtu mzima, kwa sababu mtoto mchanga hawezi kuachiwa mtoto mwingine.

Baba akiwa mwanafunzi, chukueni ratiba zenu mbili mzilaze pamoja. Vipindi vyake vilivyo wazi wakati wewe una mhadhara ni zamu yake. Kuleta nepi na vocha peke yake si malezi.

Maziwa ya mama peke yake yanatosha kwa miezi 6 ya mwanzo, na kurudi darasani hakulazimishi kuanza ya kopo. Fanya hivi:

1. Anza mazoezi wiki mbili kabla ya kurudi. Nawa mikono kwa sabuni, andaa kikombe chenye mfuniko kilichochemshwa na kupoa.
2. Kanda titi taratibu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi ya titi, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na kuachia. Usivute chuchu. Dakika ya kwanza yanaweza kutoka matone tu. Endelea, ukizunguka titi lote.
3. Funika kikombe na andika saa. Mahali penye ubaridi, joto lisizidi nyuzi 25, maziwa yatumike ndani ya saa 4. Kwenye friji hukaa hadi siku 4. Moshi ya Januari na Februari ina joto kuliko hapo, kwa hiyo kama huna friji yatumike mapema zaidi.
4. Mlezi ayapashe kwa kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Yasichemshwe.
5. Mtoto anywe kwa kikombe kidogo, akiwa amekalishwa wima, kikombe kikigusa mdomo wa chini na maziwa yasimiminwe. Chupa ni ngumu kusafisha na huleta kuhara. Yaliyobaki baada ya kunywa yamwagwe.

Chuoni nako utahitaji kukamua kila baada ya saa tatu au nne. Muombe Mshauri wa Wanafunzi au muuguzi wa zahanati ya chuo chumba chenye mlango unaofungwa. Choo si mahali pa kukamulia maziwa ya mtoto, na uliseme hivyo kwa upole ukielekezwa huko.

Hatua ya 10: Rudi darasani

Wiki moja kabla, pata maandishi ya vipindi vilivyopita kutoka kwa kiongozi wa darasa. Angalia mahudhurio, kwa kuwa vyuo vingi hudai asilimia 75 ndipo mwanafunzi aruhusiwe mtihani. Siku ya mtihani, nyonyesha muda mfupi kabla ya kuingia, omba kiti cha karibu na mlango, mjulishe msimamizi kwamba unaweza kuhitaji kutoka chooni, na mlezi asipige simu yako iliyozimwa bali aende kwa mtu mliyekubaliana anayesubiri nje.

Mambo yakikwama

*Mhadhiri amekataa kupokea zoezi ulilochelewesha kwa sababu ya kulazwa.* Usibishane darasani. Ambatanisha karatasi ya hospitali, andika kwa mkuu wa idara, nakala kwa Mshauri wa Wanafunzi. Vyuo vingi pia vina Dawati la Jinsia. Lipo kwa ajili ya mambo kama haya.

*Aliyekupa ujauzito ni mhadhiri, na alitumia alama kukushinikiza.* Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Tunza ujumbe wote wa simu, na piga TAKUKURU namba 113 bila malipo. Usiianzie taarifa hii idarani kwake.

*Baba wa mtoto amekana au ametoweka.* Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ukiwa na kadi ya kliniki, ujumbe na kumbukumbu za miamala ya simu. Ataitwa kwa usuluhishi kwanza. Ikishindikana, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakuruhusu kuomba matunzo mahakamani, na ubishi juu ya uzazi humalizwa kwa kipimo cha vinasaba kinachosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Fedha anazokubali kutoa zipite kwenye simu, zisiwe za mkononi.

*Nyumbani wamekata ada kwa hasira.* Tuma mtu wanayemheshimu, shangazi au mchungaji au shehe, huku wewe ukiomba chuoni kulipa kwa awamu. Mara nyingi hasira hii hupungua mtoto anapoonekana, lakini tarehe ya mwisho ya usajili haisubiri.

*Titi limevimba, ni jekundu na una homa.* Usiache kunyonyesha. Acha maziwa yatoke, kwa mtoto kunyonya au kwa kukamua, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa dawa.

*Unalia kila siku, hulali hata mtoto akilala, na hali imezidi wiki mbili.* Huo si uvivu wala uchungu wa kawaida wa uzazi. Ni sonona, na inatibika; mweleze mtoa huduma wa kliniki ya mtoto unapokwenda kwa chanjo. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usibaki peke yako, mwite mtu na mwende hospitali usiku huo huo.

*Matokeo yametoka, na penye kozi ulizoahirisha pameandikwa kwamba hukufanya mtihani.* Nenda ofisi ya mitihani na nakala yako yenye mhuri kabla ya usajili wa mwaka mpya kufunguliwa, kwa sababu mfumo ukishakuhesabu kuwa umeshindwa utakuzuia kusajili kozi zinazofuata, na marekebisho ya baada ya hapo hupitia vikao. Omba wakuonyeshe marekebisho kwenye kompyuta ukiwa bado umesimama hapo dirishani.